Je, Huyu ni Pundamilia nyererei? Uchambuzi wa Furu Mmoja wa Ghuba ya Mwanza

Samaki aliyeanzisha kisa hiki, mmoja wa samaki wadogo wa Ziwa Victoria waitwao furu, alinifikia akiwa ndani ya chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia viumbe waliokufa, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: furu wa mawe, dume, Ghuba ya Mwanza, kina cha mita 2 hadi 3, Pundamilia nyererei. Kulikuwa pia na picha moja ya simu, iliyopigwa mtumbwini muda mfupi baada ya samaki kunaswa kwa ndoana. Mwenye samaki ni mfugaji wa furu wa kutazamwa, mtu makini, ambaye nyumbani kwake alikuwa na wengine saba walio hai, waliovuliwa siku hiyo hiyo kwenye mawe hayo hayo: madume watatu na majike wanne. Katika tangi jingine alikuwa na majike wa P. nyererei wa ukoo wa Kisiwa cha Makobe, ambao asili yao imeandikwa kizazi baada ya kizazi. Alichotaka kwangu ni uthibitisho wa jina, ili madume wapya wahamishiwe kwa majike wa Makobe na kuzaliana nao.

Uthibitisho huo sikuutoa. Naeleza hapa kwa nini, hatua kwa hatua, kwa kuwa kosa lililokuwa karibu kufanyika ni la kawaida kabisa katika utambuzi wa furu, na huwapata hasa watu wanaowapenda samaki hawa na wanaojua mengi juu yao.

Spishi mbili zinazogawana mawe

Jenasi ya Pundamilia ilianzishwa rasmi mwaka 1998, na jina lake limetoka moja kwa moja katika Kiswahili, kwa sababu ya milia myeusi inayoshuka ubavuni mwa samaki hawa. Ndani ya jenasi hiyo imo spishi ambayo neno hilo limerudiwa mara mbili, Pundamilia pundamilia, iliyoelezwa mwaka huo huo wa 1998. Imo pia Pundamilia nyererei, ambayo Witte-Maas na Witte waliieleza mapema zaidi, mwaka 1985, kwa jina la Haplochromis nyererei, wakimuenzi Mwalimu Julius Nyerere. Frans Witte alikuwa miongoni mwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi waliowachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na kazi yao ilipata uzito wa kusikitisha, kwa sababu ndani ya miaka kumi hivi waliyashuhudia makundi ya furu wa maji ya wazi na ya sakafu ya tope yakitoweka sangara walipoongezeka. Furu wa mawe walinusurika kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa nyufa za mawe huwapa maficho ambayo sangara hawezi kuyaingia. Ndiyo maana kisa kama hiki bado kinawezekana leo.

Tofauti kubwa ya spishi hizi mbili ni rangi ya dume aliyekomaa na anayetawala eneo lake. Dume wa P. nyererei ana mgongo mwekundu wa damu na ubavu wa njano. Dume wa P. pundamilia ana mgongo na ubavu wa kijivu unaoelekea buluu, na sehemu ya mbele ya pezi lake la mgongoni, ile yenye miiba, hung'aa kwa buluu yenye mng'ao wa chuma. Lakini yapo mambo ambayo wote wawili wanayo: milia myeusi ya wima, weusi wa upande wa tumbo, na wekundu katika mkia, katika pezi la mkundu na katika sehemu laini ya nyuma ya pezi la mgongoni. Nasisitiza wekundu huu wa mapezi ya nyuma kwa sababu ndio unaowapotosha wengi. Mtu aliyezoea kusikia kwamba nyererei ni "yule mwekundu" akiona mkia mwekundu huona kwamba swali limeisha, ilhali mkia mwekundu hautenganishi chochote. Sehemu za kutazama ni miiba ya mbele ya pezi la mgongoni, ngozi iliyo kati ya pezi hilo na mstari wa juu wa pembeni (safu ya vitundu vya hisia ubavuni), na ubavu.

Kwa majike hali ni ngumu zaidi. Majike wa spishi zote mbili ni wa kijivu kinachochanganyika na njano hafifu, na wanafanana kiasi kwamba hata mtafiti mzoefu hulazimika kutegemea mahali alipovuliwa na madume aliokuwa nao. Vipimo vya mwili na hesabu za miiba, miale na magamba navyo havisaidii sana, kwani viwango vya spishi hizi vinapishana. Kuna tofauti za chakula, kwa maana kwamba P. pundamilia hula zaidi mabuu ya wadudu wa kwenye mawe na P. nyererei hula zaidi vijidudu vinavyoelea majini, lakini tofauti hizo ni za wastani wa kundi, nazo haziwezi kumhukumu samaki mmoja.

Kinachozitenganisha spishi hizi ziwani ni mwanga. Maji ya Ziwa Victoria yana chembe nyingi zinazonyonya mwanga wa buluu kwanza, kwa hiyo kadiri mtu anavyoshuka, mwanga uliobaki huelekea njano na wekundu. P. pundamilia huishi karibu na uso wa maji, na P. nyererei huishi chini zaidi. Macho yao yanafuata mgawanyo huo: jeni ya macho inayohusika na mwanga wa wekundu ina aina mbili kuu, na ile inayonasa mawimbi marefu zaidi hupatikana zaidi kwa P. nyererei. Majike wa P. nyererei walipojaribiwa maabara chini ya mwanga mweupe waliwachagua madume wekundu. Walipowekwa chini ya mwanga wa rangi ya chungwa pekee, ambapo rangi hazitofautiani tena, uchaguzi wao ulipotea. Kwa hiyo ukuta kati ya spishi hizi umejengwa kwa kuonana, na mahali ambapo kuonana ni kugumu, ukuta huo hubomoka.

Hilo linaonekana wazi kwenye visiwa vya ziwa hilo vilivyochunguzwa na mtafiti Ole Seehausen na wenzake, ambao matokeo yao makuu yalichapishwa mwaka 2008. Kisahani cheupe cha kupimia uangavu wa maji kilipotea machoni kwenye kina cha wastani wa sentimita 50 hivi katika Kisiwa cha Luanso, sentimita 78 Kissenda, sentimita 96 kwenye Visiwa vya Python, na sentimita 225 Makobe. Makobe, penye maji maangavu, madume ni wekundu au wa buluu, na wa kati ni nadra sana. Luanso, ambako maji ni mazito, hakuna spishi mbili za kutenganisha: kuna kundi moja lenye madume wa kila rangi, na wengi wao ni wa kati. Kissenda na Python ziko katikati ya hali hizo.

Ili rangi iweze kuandikwa bila kubishana, watafiti hao hutumia ngazi tano, kuanzia 0 hadi 4. Ngazi ya 0 ni dume wa buluu asiye na njano wala wekundu mwilini. Ya 1 ana njano kidogo ubavuni. Ya 2 ana njano pamoja na wekundu kidogo kandokando ya mstari wa juu wa pembeni. Ya 3 ana ubavu wa njano na mgongo mwekundu kwa sehemu tu, huku ukanda wa kijivu ukibaki kati ya pezi jekundu na mstari wa pembeni. Ya 4 ni yule ambaye ukanda huo wote umejaa wekundu. Ukanda huu mwembamba wa ngozi ndio uliobeba kisa chetu chote.

Samaki wa chupani

Nilianza na yale yasiyobishaniwa, kwa sababu utambuzi unaoruka ngazi za chini huishia kujenga juu ya dhana. Samaki alikuwa na tundu moja la pua kila upande, na mstari wake wa pembeni ulikatika vipande viwili, cha mbele kikiwa juu na cha nyuma kikiwa chini, katikati ya shina la mkia. Hizi ni alama za familia ya Cichlidae, ambayo ndani yake wamo sato, ngege na furu wote. Pezi la mkundu lilikuwa na miiba mitatu, na kwenye miale yake laini kulikuwa na madoa ya mviringo yenye ukingo mpauko, mfano wa mayai, ambayo ni pambo la madume wa furu: jike, ambaye hutamia mayai kinywani, huyafuata madoa hayo kwa mdomo na kwa kufanya hivyo hupokea mbegu za dume. Tundu la uzazi lilikuwa dogo, si kubwa kuliko la haja kama lilivyo kwa jike. Hivyo kwamba ni furu na kwamba ni dume, karatasi ilikuwa sahihi.

Jenasi ilihitaji subira zaidi. Mawe ya Ghuba ya Mwanza yana furu wengi wanaofanana kwa umbo, na mmoja anayechanganywa na Pundamilia mara kwa mara ni Neochromis, mla mwani anayeyakwangua mawe. Nilifungua kinywa na kuyatazama meno kwa lenzi. Neochromis ana ukanda mpana wa meno yaliyosongamana nyuma ya safu ya nje, kama brashi, na uso wake hushuka ghafla kuelekea mdomoni. Samaki huyu alikuwa na safu chache tu za ndani, na uso wake ulishuka taratibu. Ubavuni alikuwa na milia ya wima iliyo wazi, bila mstari mrefu wa mlalo unaoonekana kwa baadhi ya furu wengine. Kuhusu jenasi ya Pundamilia sikubaki na shaka.

Baada ya hapo chupa ilinyamaza. Fomalini huhifadhi umbo vizuri na huacha weusi ubaki, kwa kuwa weusi unatokana na melanini, lakini wekundu na njano vya samaki hawa vinatokana kwa sehemu kubwa na karotenoidi, yaani rangi zinazotoka kwenye chakula, ambazo hufifia na kupotea katika dawa hiyo. Buluu nayo si rangi ya wino bali ni mng'ao wa vijisahani vidogo ndani ya seli za ngozi, na hubadilika mara samaki anapokufa na kukaushwa maji na dawa. Nilichokuwa nacho mkononi ni samaki wa kahawia mwenye milia. Kumwita nyererei kwa kumtazama tu chupani kungekuwa ni kusoma karatasi, si kumsoma samaki.

Kilichoonekana kwenye picha

Ilibaki picha. Mkia ulikuwa mwekundu, na pezi la mkundu pia, na naamini kwamba jina la kwenye karatasi lilizaliwa hapo. Nilipoikuza picha niliona zaidi ya hayo: sehemu ya miiba ya pezi la mgongoni ilikuwa na wekundu, ubavu ulikuwa na njano, lakini kati ya shina la pezi na mstari wa juu wa pembeni kulikuwa na ukanda wa kijivu uliokwenda kuanzia juu ya kichwa hadi karibu na mwisho wa miiba. Kwa ngazi nilizozitaja, huyu alikuwa wa 3.

Ngazi ya 3 kwenye picha moja haitoshi kutoa hukumu. Picha ilipigwa kivulini, samaki akiwa mkononi, na simu hurekebisha rangi kwa namna yake. Zaidi ya hapo, kulikuwa na maelezo manne ambayo kila moja lingeweza kuuleta ukanda ule wa kijivu. La kwanza, kwamba huyu alikuwa nyererei halisi aliyenyang'anywa eneo na madume wengine, au aliyeingiwa na hofu ya kunaswa, kwani dume wa furu aliyeshindwa hupoteza rangi upesi. La pili, kwamba alikuwa dume kijana ambaye wekundu wake haujakamilika. La tatu, ambalo kwa samaki wa porini si la uzito, ni uhaba wa karotenoidi katika chakula. La nne, kwamba rangi yake ilikuwa imekamilika na ndivyo alivyokuwa: dume wa rangi ya kati, kutoka kundi ambalo wekundu na wabuluu hawajatengana.

Samaki aliyekufa hawezi kutupa jibu kati ya hayo manne. Ndugu zake walio hai wangeweza, na hapo ndipo nilipomwomba mfugaji aahirishe kabisa uhamisho na atusaidie kwa jambo jingine.

Madume watatu walio hai

Tulikubaliana kwamba kila dume awekwe peke yake katika sehemu yake, pamoja na jike mmoja au wawili wa mawe hayo hayo, awe na pango la jiwe la kulitawala, na asiwaone madume wenzake. Chakula kilikuwa kimoja kwa wote na kilikuwa na krasteshia wadogo (wanyama wa jamii ya kamba na kaa), wenye karotenoidi, ili upungufu wa karotenoidi usiwe kisingizio. Taa ilikuwa nyeupe na haikubadilishwa. Picha zilipigwa kila juma samaki akiwa ndani ya kijisanduku chembamba cha kioo chenye maji, na kando yake kadi ya kijivu ya kusahihishia rangi, saa ileile ya asubuhi. Kijisanduku hiki nakipendekeza kwa yeyote anayetaka jina la furu: humshikilia samaki wima bila kumuumiza, mapezi hubaki wazi, na samaki hurudishwa kwenye tangi kabla rangi haijapauka.

Baada ya juma la kwanza madume wote walikuwa wamepata weusi wa tumbo na walianza kuwatetemea majike, dalili ya kwamba hofu na unyonge vimewaondoka. Baada ya juma la sita picha zilikuwa zimeacha kubadilika. Dume wa kwanza alikuwa na ukanda wa kijivu uleule wa samaki wa chupani, pezi la mgongoni jekundu na ubavu wa njano: ngazi ya 3 kamili. Wa pili alikuwa na njano, na wekundu ukionekana kama uzi kandokando ya mstari wa pembeni, nami nikamweka ngazi ya 2. Wa tatu alikuwa wa buluu, miiba ya pezi la mgongoni iking'aa, na njano hafifu nyuma ya shavu la matamvua: ngazi ya 1.

Maelezo ya kwanza na ya tatu yalianguka papo hapo. Dume anayetawala pango, anayekula vizuri na anayewachumbia majike hana sababu ya kuuficha wekundu wake kwa majuma sita. Maelezo ya pili, ya ujana, niliyashikilia kwa muda, lakini madume hawa walikuwa wa ukubwa wa samaki wa chupani, ambaye nilipompasua nilikuta korodani zake zimejaa na zimekomaa. Kilichobaki ni maelezo ya nne, na kilichoyapa nguvu zaidi ya hali ya samaki yeyote mmoja ni tofauti kati yao: madume watatu wa mawe mamoja, ngazi tatu, na hakuna hata mmoja aliyefika 0 wala 4.

Mahali penyewe

Hadi wakati huo "Ghuba ya Mwanza" ndiyo anwani yote niliyokuwa nayo, na anwani hiyo ni pana mno. Ghuba inaenea mbali kuelekea kusini, na uangavu wa maji hubadilika njiani, kiasi kwamba maneno hayo mawili yanaweza kumaanisha mahali kama Python, ambako wekundu na wabuluu wametengana kwa sehemu kubwa, au mahali kama Luanso, ambako hawajatengana kabisa. Mfugaji alirudi kwa mvuvi aliyemwuzia, wakaenda pamoja hadi kwenye mawe yenyewe. Yalikuwa upande wa kusini wa ghuba. Kisahani cheupe tulichokitengeneza kwa mfuniko uliopakwa rangi, tukakifunga jiwe na kamba yenye alama, kilipotea kabla ya kufika mita moja, kila kiliposhushwa.

Kuhusu kina nako kulikuwa na la kujifunza. "Mita 2 hadi 3" ulikuwa urefu wa mshipi uliotolewa, na mshipi unaoachiwa juu ya mawe yenye mteremko hulala upande. Samaki huenda alimeza chambo kwenye mita 1 tu. Makobe kipimo hiki kingetuonyesha upande wa kutazama, maana huko P. pundamilia hukaa kwenye mita chache za juu na P. nyererei hupatikana chini yake. Kwenye mawe ya maji mazito, wote hubanwa katika mita chache za juu, na kina hakigawi tena.

Nilimwomba pia mfugaji akate kipande kidogo cha pezi kwa kila samaki aliye hai na kukiweka katika ethanoli, kwa sababu fomalini ya chupa ya kwanza huharibu vinasaba na kufanya uchunguzi wake uwe mgumu. Vipande hivyo vimehifadhiwa. Sikumficha, hata hivyo, kwamba maabara pekee haitalimaliza swali kama linavyodhaniwa. Kuisoma jeni ya macho kungetuambia ni aina ipi kila samaki anayo, lakini katika kundi mchanganyiko dume wa buluu anaweza kubeba aina ya wekundu, na kinyume chake. Jibu la maana lingehitaji vinasaba vingi kutoka kwa samaki wengi, pamoja na wa visiwa jirani vya kulinganisha.

Na hata mahali ambako wekundu na wabuluu wanatengana vizuri, jina si rahisi kama zamani. Uchunguzi wa jenomu, yaani vinasaba vyote vya samaki, uliochapishwa mwaka 2017, ukiongozwa na Joana Meier, ulionyesha kwamba wekundu wa Python na Kissenda hawatokani tu na wekundu wa Makobe waliohamia huko. Wahamiaji walichanganyika na wabuluu wa hapo, na kutokana na mchanganyiko huo ndipo zikatengana upya aina mbili, nyekundu na ya buluu. Kwa sababu hiyo watafiti sasa huwaita wa Python na Kissenda kwa majina ya tahadhari, "wanaofanana na nyererei" na "wanaofanana na pundamilia". Ikiwa samaki wekundu kabisa wa Python hawapewi jina la nyererei bila sharti, dume wa ngazi ya 3 kutoka maji mazito ya kusini hawezi kulipewa.

Uamuzi

Niliandika lebo mpya ya chupa kama ifuatavyo: Pundamilia sp., kundi la pundamilia na nyererei. Dume aliyekomaa, rangi ya ngazi ya 3 kwa picha ya samaki mbichi. Mawe ya kusini mwa Ghuba ya Mwanza. Ndoana, kina halisi hakijulikani. Kisahani chini ya mita 1. Ndugu watatu walio hai ngazi za 1, 2 na 3. Ni lebo ndefu kwa chupa ndogo. Nilimshauri mfugaji asiikate, kwa sababu kila kipande chake kinaweza kumsaidia mtu atakayemchunguza samaki huyu baadaye, na jina fupi la uhakika wa uongo lingemzuia hata asiulize.

Neno chotara sikuliandika. Chotara, kwa maana ya mtoto wa nyererei halisi na pundamilia halisi, ni dai kuhusu wazazi, na wazazi hatuwajui. Kundi la rangi mchanganyiko laweza kuwa ni mahali ambapo spishi mbili zimeungana baada ya maji kuchafuka, au mahali ambapo hazijawahi kutengana. Wala simchukulii samaki wa kati kuwa amepungukiwa na kitu. Ushahidi wa vinasaba unaonyesha kwamba furu wa eneo hili lote la maziwa, mamia ya spishi, wana asili katika mchanganyiko wa kale wa nasaba mbili, moja yenye uhusiano na Kongo na nyingine na Nile ya juu. Kuchanganyika ni sehemu ya historia yao.

Kuchanganya tangini ni jambo jingine, na hapa nilikuwa mkali kuliko kawaida yangu. Chotara wa P. nyererei na P. pundamilia wanaozaliwa maabara huishi vizuri na huzaa, kwa hiyo kosa lisingejionyesha kwa mayai yaliyokufa wala watoto dhaifu. Majike wa Makobe wangetamia vinywani kwa kiasi cha majuma matatu kama kawaida, vifaranga wangekua, na binti zao wangefanana na jike yeyote wa kijivu. Miongoni mwa madume wa kizazi cha pili wangetokea wachache wenye mgongo uliojaa wekundu, hao wangechaguliwa kwa kuwa wazuri, na ukoo ulioandikwa kwa uangalifu kwa miaka mingi ungekuwa umepotea huku jina lake likibaki kwenye kioo cha tangi. Kwa samaki ambaye mazingira yake ya asili yanazidi kuwa mazito kwa mwani na udongo unaotiririka kutoka nchi kavu, ukoo wa mahali panapojulikana ni akiba isiyoweza kutengenezwa tena.

Mfugaji alikubali. Samaki saba wamebaki katika tangi lao, wakizaliana wenyewe kwa wenyewe, na lebo ya tangi inataja mawe yao. Aliniuliza swali moja tu la mwisho, nalo lilikuwa zuri: yule dume wa ngazi ya 1, wa buluu, mwenye miiba inayong'aa, si angalau yeye tungeweza kumwita P. pundamilia? Nilimjibu hapana, kwa sababu zile zile. Angevuliwa peke yake Makobe, kwenye mita ya kwanza ya maji maangavu, ningelikubali jina hilo bila kusita, na ile njano kidogo nyuma ya shavu ningeiona ni tofauti ya kawaida. Amevuliwa jiwe moja na ndugu wa ngazi ya 2 na ya 3, kwa hiyo lebo yake ni ile ile ya kwao.